Santuri Zilizoingia Masika Haya

Minjila, 23 Machi

Nyongeza ya leo ni santuri sita, kutoka kwa binti wa marehemu karani mmoja wa Kipini aliyetaka kubaki na sanduku, si na vilivyomo. Tatu ni za magitaa ya Kongo. Moja ni mafunzo ya Kifaransa. Moja imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Ya sita ni sauti za ndege wa Ulaya. Sisi hapa bondeni ndege wanatuamsha bure kila alfajiri, na mimi nimesafiri asubuhi nzima kwenda kuwaleta wengine waliokaushwa.

Ninayoitafuta haikuwemo.

Kadra alinisaidia kuzipangusa. Huyu ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na mbili, na tarehe kumi na mbili Mei anapanda ndege kwenda Doha kufanya kazi ya mapokezi hotelini, mkataba wa miaka miwili. Akiwa ameinamia ndege wa Ulaya aliniuliza lile swali lake, ambalo huliuliza kila baada ya muda kama mtu anayebonyeza embe kuona kama limeiva.

"Baba, Mama alikuwa na sauti gani?"

"Sauti ya mtu mwenye haki," nikamwambia. "Hata alipokosea."

Akacheka. Huwa anacheka, nami huponea hapo.

27 Machi

Manyunyu. Hayakutosha hata kulaza vumbi.

31 Machi

Shule imefungwa, nina nafasi, na huwaambia wanafunzi wangu wa darasa la sita kwamba hesabu isiyoonyeshwa njia haipati alama. Basi nionyeshe njia.

Mke wangu Darmi alifariki Kadra akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Siku hizo simu zetu zilikuwa na tochi tu, hazikuweza kuhifadhi sauti ya mtu. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, Darmi akiwa kidato cha nne, kwaya ya shule yao iliitwa Mombasa, ikaimba nyimbo mbili, zikatolewa kwenye santuri ndogo yenye lebo ya kijani. Wimbo wa kwanza aliuongoza yeye. Ubeti mzima ni yeye peke yake, hakuna ngoma, hakuna mwenzake. Nakala zilikuwa chache, wakapewa walimu na wazazi.

Nakala yake aliingia nayo nyumbani kwangu kama bibi harusi mwingine anavyoingia na cherehani. Ikaning'inia ukutani ndani ya mfuko wake, kwa sababu sikuwa na gramafoni. Mafuriko ya El Niño yalipokuja, mimi ndiye niliyepakia mtumbwi. Nilipakia gunia la mchele, baiskeli, na redio yangu. Darmi hakunilaumu. Tulipofika nchi kavu aliuliza tu, "Redio ni nzima?"

Redio ilikuwa nzima.

Kadra hajui kwamba kuna santuri kama hiyo duniani. Anadhani babake ni mzee aliyepatwa na wazimu wa muziki wa zamani, na mimi naona wazimu ni jambo la heshima zaidi. Nikimwambia ipo kisha nisiipate, nitakuwa nimempokonya mamake mara ya pili.

4 Aprili

Mvua ya kweli usiku kucha. Nilikwenda Garsen kununua dawa ya mchwa kwa Bishar, mwenye duka la dawa za mifugo. Huyu bwana hatoi hata salamu kabla ya kuipima.

"Mwalimu," akaniita mbele ya wateja, "bado unanunua sahani ambazo mtu hawezi kula juu yake?"

"Bado."

"Walahi, mimi nimeuliza madereva wa ng'ombe. Wote mpaka Garissa. Nimewaambia, mkiona sahani nyeusi, ina shimo katikati, msilie ugali, leteni kwa Mwalimu Jilo."

Wafugaji waliokuwa wamekaa kwenye magunia walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nilicheka nao, kwa sababu usipocheka na Bishar anaendelea. Miaka miwili iliyopita nilifanya kosa la kumweleza ninatafuta nini hasa. Nilidhani namweleza mtu, kumbe nilikuwa nampa kichekesho cha duka.

10 Aprili

Idd. Kadra amepika wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi. Ya mwisho kwa miaka miwili, ingawa hakuna aliyelisema. Mvua.

13 Aprili

Nyongeza ni nne, kutoka kwa muuguzi mstaafu wa Kinakomba. Hotuba ya mkulima bora, nyimbo mbili za dansi ambazo mende wamekula majalada yake wakaacha majina, na moja isiyo na lebo kabisa. Hiyo isiyo na lebo niliiweka kwenye gramafoni nikiwa nimefumba macho kama mtoto anayefungua bahasha ya mtihani.

Ni mtu anafundisha kupiga filimbi.

Kadra aliniona. "Ulitaka iwe nini?"

"Nilitaka iwe filimbi."

"Hukuonekana kama mtu aliyepata filimbi."

15 Aprili

Maji ya bonde yamefika kwenye kisiki nyuma ya choo. Nyumba yangu iko upande wa chini, ambako viwanja vilipatikana kwa urahisi, na kila masika tunakumbushwa kwa nini.

18 Aprili

Nataka kuiandika siku hii polepole.

Saa kumi jioni pikapu ya Bishar ilisimama mbele ya nyumba, tope hadi madirishani. Bishar hajawahi kuja kwangu. Nikajua amekuja kwa msiba. Aliteremka, akavua viatu, akakunja suruali, akavuka dimbwi langu la uani akiwa amekumbatia kitu ndani ya gunia la sukari lililokunjwa mara nne.

"Msichana yuko?"

"Amekwenda Garsen kupiga picha za pasi."

"Vizuri. Angalia hii."

Ndani ya gunia kulikuwa na gazeti, ndani ya gazeti kipande cha shuka, na ndani ya shuka santuri ndogo. Lebo ya kijani. Jina la shule. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo nililazimika kuzipeleka mlangoni kwenye mwanga: Kiongozi, Darmi Sora.

Nilikaa chini. Kiti hakikuwa pale nilipokaa, lakini hilo nililijua baadaye.

Bishar hakucheka. Alichuchumaa akaniambia, akitazama uani, kwamba dereva wake mmoja alikwenda kuchukua mbuzi huko juu Bura, akaingia nyumba ya mwalimu mmoja wa zamani, mama mzee, akaona rundo la santuri chini ya kabati. Dereva hasomi. Akampigia Bishar, Bishar akamwambia amwombe mtoto wa nyumba hiyo asome moja moja kwenye simu. Walisoma ishirini na tatu. Hii ilikuwa ya ishirini na moja, lakini Bishar aliwaacha wamalize.

"Kwa nini uliwaacha wamalize?"

"Kama kuna mbili?"

Nikamwambia nilidhani muda wote huu alikuwa ananicheka.

"Nilikuwa nakucheka," akasema. "Na nilikuwa natafuta. Mtu hawezi kufanya mbili?"

Nilimuuliza nimpe nini. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa, akavaa viatu vyake juu ya tope, akaondoka.

Nimeiweka ndani ya sanduku langu la nguo, chini ya kanzu. Kadra aliporudi nilikuwa napika, jambo ambalo lilimtia wasiwasi zaidi kuliko kama ningekuwa nalia.

19 Aprili

Sijaipiga.

Sindano ya gramafoni yangu ni ya miaka mingi, imekuwa butu, na sindano butu haisomi mistari ya santuri, inailima. Kwa hotuba ya mkulima bora haidhuru. Kwa hii, mara ya kwanza ndiyo ingekuwa safi kuliko zote zitakazofuata, na mimi nataka mara hiyo ya kwanza iwe yake. Nimempigia fundi mmoja wa Malindi. Sindano mpya itafika kwake Jumanne.

Nimepanga hivi. Tarehe kumi na moja Mei, jioni, siku moja kabla hajaondoka, nitamwambia akae. Sitatoa hotuba. Nitaweka sindano tu.

20 Aprili

Maji yamepita kisiki.

23 Aprili

Malindi. Sindano ninayo mfukoni, ndani ya kijisanduku kidogo kuliko kiberiti. Fundi alinifunga kwa maelezo ya nusu saa kuhusu uzito wa mkono wa gramafoni, nami nikasikiliza kama mahabusu. Nilifika stendi saa nane nikakuta abiria wamekaa juu ya mizigo. Barabara imekatika mbele. Gari haziendi.

24 Aprili

Barabara bado.

Kadra amepiga saa tatu asubuhi. "Baba, maji yako uani."

Saa sita: "Yako mlangoni."

Saa tisa: "Yamefika kwenye goti, ndani. Majirani wanapandisha vitu shule. Kuna mtumbwi. Santuri zako je?"

Hapa ndipo nataka kuandika neno kwa neno, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi mno, na afadhali likae kwenye karatasi. Nilipaswa kusema, ziache. Mtoto wa kike yuko peke yake ndani ya maji. Mtu yeyote angesema, ziache, jiokoe. Mimi nilisema, "Ukiweza."

"Nitaweza," akasema, na akakata.

25 Aprili

Barabara bado. Kadra yuko shuleni salama, kwenye darasa langu mwenyewe, na familia tano. Anasema ameketi mezani pangu na sasa anaelewa kwa nini wanafunzi wananiogopa, meza inalia kama fisi.

Santuri zote amezitoa. Mitumbwi miwili. Zimelowa kwa mvua, anasema, lakini hata moja haikuchukuliwa na maji.

26 Aprili

Barabara bado.

27 Aprili

Jua, hata huku Malindi. Simu ya Kadra haishiki chaji, shule haina umeme.

30 Aprili

Nimefika nyumbani jana alasiri, kwa lori, kisha kwa miguu, kisha kwa mashua ya kuvusha watu, kisha kwa miguu tena. Leo ndiyo naweza kuandika.

Watu wa huku tuna namna yetu maji yakianza kushuka na jua likitoka. Kila kilicholowa kinapandishwa juu ya bati. Hatuulizani. Magodoro, mahindi, mpunga, madaftari, misahafu, vyeti vya ndoa, viatu, vyote vinalala juu ya paa vikitazama mbinguni, na ukija kwa mbali unaona kijiji kizima kimegeuzwa tumbo juu. Nimekulia hivyo. Mama yangu alianika hata picha ya baba yangu.

Nikiwa bado kwenye mashua niliiona shule, na juu ya paa la darasa la sita niliona vitu vyeusi vinavyong'aa, vimepangwa safu kwa safu, kwa ustadi, kama vile mtu alitumia rula. Nilihesabu safu. Sikuhitaji kuhesabu.

Kadra alinikimbilia kwenye tope. Amekonda. Mikono yake ina michubuko hadi viwikoni.

"Arobaini na moja, Baba. Zote. Nimezianika siku tatu sasa. Nilizitoa kwenye mifuko yake ili zisiote kuvu."

"Ahsante, mwanangu."

"Hata ile ya filimbi."

"Ahsante."

Nilipanda ngazi. Jua la saa tisa na bati chini yake. Hakuna hata moja iliyokuwa bapa. Zilikuwa zimejikunja pembeni kama mabakuli, nyingine kama masikio ya ng'ombe, na mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashika bonde la bati, mistari ya bati ikapigwa chapa juu ya mistari ya muziki. Ile ndogo ya kijani ilikuwa upande wa juu kabisa, peke yake. Jina lake lilisomeka vizuri.

Kadra alikuwa chini ameshika ngazi isiteleze. "Zimekauka?" akauliza.

"Zimekauka," nikasema.

Sikumwambia kuhusu jua kwenye simu. Nani anamwonya mtu juu ya jua wakati maji yamefika kwenye goti?

2 Mei

Tumerudi nyumbani. Tunakwangua matope ukutani kwa majembe.

Kadra ameona sasa kwamba santuri zimepinda. Si kipofu. "Zitanyooka?" akauliza, na nikaona uso wake unaanza kuelewa, nikamkatiza haraka.

"Wazee wote hupinda. Nazo zilikuwa makelele tu. Umeniokoa na ndege wa Ulaya."

"Huna hasira?"

"Nina hasira na filimbi. Nilitegemea ingezama."

3 Mei

Kadra alikwenda Garsen kwa karatasi zake za hospitali. Nilikuwa na saa nne.

Nilijaribu kwanza na zisizo na maana, kama daktari mwoga. Hotuba ya mkulima bora niliiweka kati ya vioo viwili vya dirisha, nikaipasha kwa maji ya moto, nikaweka juu jiwe la kusagia. Ilinyooka, na iliponyooka ikapasuka. Ya Kongo ilinyooka bila kupasuka, lakini mistari yake ilikuwa imelainika kama ukucha, na sindano mpya ilitembea juu yake kwa ukimya wa adabu, kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo na mtu.

Basi ile yake sikuipasha. Niliiweka ilivyo. Nilishusha mkono wa gramafoni kwa kidole kimoja. Ikapanda kilima, ikaruka, ikaanguka karibu na lebo, ikakwaruza. Nilijaribu mara saba. Mara ya sita nilidhani nimesikia kitu. Ilikuwa mlango wa jirani.

Nimeirudisha chini ya kanzu.

5 Mei

Maji yamerudi kwenye kisiki.

8 Mei

Bishar alinipigia kuuliza sindano inafanya kazi. Nikasema inafanya. Si uongo. Sina nguvu ya kumwambia mtu aliyesomewa lebo ishirini na tatu kwenye simu.

11 Mei

Jioni. Begi lake liko mlangoni, limefungwa kwa kamba ya manjano ili lijulikane. Amepika yeye, amekataa nisaidie. Baada ya kula alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akasema, "Niwekee moja, Baba. Yoyote. Iliyopinda pia."

"Mashine imeingia maji."

"Haikuingia. Niliibeba kichwani."

Akangoja kidogo, kisha akaanza kukusanya sahani za chakula.

12 Mei

Bishar amempeleka Mombasa uwanjani kwa pikapu yake, mwenyewe, amekataa dereva. Mimi nilitaka kwenda lakini kesho shule zinafunguliwa, na darasani mwangu bado kuna familia mbili na samaki waliokufa. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Nyingine ni kwamba safari ndefu ndani ya gari na watu wawili, mmoja anajua na mwingine hajui, ingenishinda.

Aliniambia nisile mikate mikavu kila siku. Nikamwambia nitaipaka maji.

13 Mei

Wanafunzi kumi na tisa kati ya hamsini na mbili. Hajapiga.

14 Mei

Amefika, kaandika ujumbe, neno moja tu. Hajapiga.

15 Mei

Hajapiga. Nimemuuliza Bishar safari ilikuwaje. Amesema nzuri, wamezungumza sana. Kisha, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Nilimuuliza kama alisikia mama yake. Alikuwa hajui nasema nini, nikamweleza. Mwalimu, wewe hukumwekea?"

Nilimweleza. Kila kitu, hadi paa. Bishar alifunga duka saa kumi jioni, jambo ambalo sijawahi kuliona, tukakaa ndani kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

16 Mei

Alipiga nilipokuwa nasahihisha madaftari.

"Baba. Ilikuwa ipi?"

Sikujifanya sielewi. "Ndogo. Lebo ya kijani. Iliyokuwa ndani ya sanduku langu la nguo."

Nilisikia magari ya huko aliko, na mtu anacheka kwa lugha nisiyoijua.

"Ile," akasema. "Lebo sikusoma hata moja, nilikuwa nahesabu tu. Ile nilijua unaipenda, kwa sababu uliitenga na nyingine. Nikaipa mahali pazuri. Juu kabisa, ambapo kivuli cha ule mkwaju hakifiki."

"Ulifanya vizuri."

"Usiseme hivyo."

"Kadra, mimi ndiye niliyeificha. Mimi ndiye niliyesema ukiweza. Ningekuonyesha siku ileile, ungeisikia hata kwa sindano butu."

"Basi niambie wewe," akasema. "Bila mzaha safari hii. Alikuwa na sauti gani?"

Nilikuwa na majibu. Nimekuwa nayo miaka ishirini, mengine yanachekesha kweli. Nilifungua mdomo nichague moja, na hakuna lililotoka, mpaka akauliza kama simu imekatika.

"Haijakatika," nikamwambia. "Sikumbuki. Nakumbuka maneno yake, karibu yote. Nakumbuka alivyosimama akiyasema, mkono kiunoni. Sauti yenyewe iliondoka mwaka wa sita au wa saba, sijui siku gani, sikuiona ikitoka. Nilikuwa naitafuta kwa ajili yako. Na kwa ajili yangu pia, lakini hiyo niliona haya kuisema."

Kwenye daftari lililokuwa mbele yangu nimegundua baadaye kwamba niliweka tiki kwenye hesabu zote, hata zilizokosewa.

Kisha akasema, taratibu, "Basi tuko sawa, Baba."